Udongo wa bure: nani ana haki ya kupakia inchi yetu rangi?



Katika kijitabu hiki wenzangu wameandika juu ya ndoa, juu ya majina na juu ya mubande. Mimi nimeombwa kuandika juu ya udongo. Nilipofikiri sana, niliona kama juu ya udongo wa wababu tumeandika mara mingi, na mara mingi tunarudilia maneno yale yale: udongo ni mama, udongo hauuzishwe, na kazalika. Wakati tunaandika vile, udongo unaendelea kuuzishwa. Kwa hiyo nitaingia kwa mulango mwingine. Nitasema juu ya ramani za rangi, zile zinazoonyesha pahali kuko musitu, pahali kuko mashamba, malisho, maji na nyumba. Watu wengi wanafikiri kama hizo ni kazi ya mafundi tu, kazi ya ordinateri. Mimi nasema kama ndani yake kuko ulizo la haki, tena ulizo gumu, na desturi zetu ziko na jambo la kusema pale.

Mu mwaka wa 2016 nilikuwa nimekwisha kuacha kufundisha jiografia, na watu wa mupango mumoja waliniomba niwasindikize mu milima ya Walungu. Walitaka kufanya ramani ya matumizi ya udongo pamoja na wenyeji. Kazi yangu ilikuwa kugeuza maneno: Kifaransa cha mafundi kiingie mu Mashi na mu Kiswahili, na maneno ya wazee yarudi mu Kifaransa. Walikuja na karatasi kubwa sawa mukeka, iliyochapwa rangi yote. Walisema ilitengenezwa kufwatana na picha za satelite. Waliitandika chini, mbele ya nyumba ya shefu wa lokalite, wakaweka mawe ku pembe ine kusudi upepo usiibebe.

Watu walishangaa kwanza, kisha wakacheka kwa furaha, kwani kila mutu alikuwa anatafuta nyumba yake. Mara muzee mumoja akaweka fimbo yake juu ya kipande cha rangi ya udongo mukavu na akauliza: "Mwalimu, hapa wameandika nini?" Nikatazama ku lejande, ni kusema ile orodha ya pembeni inayofasiria rangi. Kifaransa kilisema: majani mafupi, udongo usiokaliwa. Nikatafuta neno. Kwa haraka nikasema: "Wameandika udongo wa bure, muzee."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Ile haiko bure. Inapumuzika."

Nilisikia haya, na mupaka leo lile neno halijanitoka. Mu Kiswahili chetu, "bure" iko na maana mbili. Kitu cha bure ni kitu kisichokuwa na kazi. Tena kitu cha bure ni kitu unachopata bila kulipa. Mwenye kusema kama udongo ni wa bure, amekwisha kufungua mulango kwa mwenye kutaka kuubeba bila bei. Na mimi, mutoto wa kule, njo niliyefungua ule mulango kwa kinywa changu mwenyewe.

Satelite inaona nini?

Tusiwatukane mafundi. Kazi yao ni ya kweli na ina faida. Satelite ya kwanza ya Landsat ilirushwa mu mwaka wa 1972. Tangu mwaka wa 2008 picha zake zinapatikana bila malipo. Kwa picha nyingi za Landsat, kila kipande kidogo cha picha, kile wanaita piksele, kinafunika metre 30 kwa metre 30. Satelite za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mu 2015, zinafikia metre 10. Mashini haioni muti wala mutu. Inapima nuru inayorudi kutoka chini, pamoja na nuru ambayo macho yetu hayaione. Majani mabichi yanarudisha sana ile nuru isiyoonekana, na mara mingi mafundi wanaipatia rangi nyekundu, hivi musitu wa Kahuzi unaweza kuonekana mwekundu sawa damu. Nyuma ya pale njo wanapanga: nuru ya namna hii tuiite musitu, ya namna ile tuiite shamba. Kisha wanachagua rangi ya kila jina.

Kwa hiyo rangi inakuja mwisho wa njia ndefu, na ku kila hatua kuko mutu anayekata shauri. Lakini sisi tunaoangalia karatasi tunaona rangi kwanza, na tunafikiri ni udongo wenyewe unaosema.

Wenye elimu hiyo wenyewe wanatenga mambo mawili: kile kinachofunika udongo, na kazi ambayo watu wanafanya nao. Majani ni kifuniko. Malisho ni kazi. Miti ni kifuniko, lakini ule ule muti unaweza kuwa kuni za kesho, ao mupaka wa jamaa mbili, ao pahali wakubwa walizikwa na pasipokatwa hata tawi. Kifuniko kinaonekana toka mbinguni. Kazi haionekane, lazima kuuliza. Mara mingi ramani zinaandika majina yote mawili ku kichwa cha karatasi moja, na muda na feza za kuuliza zinakuwa zimekwisha, hivi kifuniko kinajibu kwa pahali pa kazi.

Kwetu Bushi tatizo linazidi, juu mashamba yetu ni madogo na yanachanganyika. Mama mumoja anaweka migomba, maharagi chini yake, makombe ya mihogo pembeni, na muti moja moja wa grevilea ku mupaka. Metre 30 kwa 30 inameza yote hayo. Ku ramani nyingi za Congo mashamba, udongo wa kupumuzisha na vijiji vinatiwa mu rangi moja wanayoita kwa Kifaransa "complexe rural". Jina zuri sana! Musitu unapata aina tatu, ine, tano. Watu wanapata moja.

Nitasema jambo la pembeni. Luga zetu nyingi za Kibantu, na Kiswahili ndani yake, ziko na majina matatu tu ya rangi yenye kusimama yenyewe: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Zingine tunaziita kwa vitu: rangi ya majani, ya majivu, ya kahawa, ya manjano ile ya mu chungu. Kwetu kitu ni cha kwanza na rangi inakopa jina lake. Ku ramani ni kinyume: rangi ni ya kwanza, na kitu kinakopa jina kwa rangi. Sisemi kama wababu walikuwa mafilozofe kupita wengine. Nasema tu kama mutu aliyekomaa mu luga ya namna hiyo ana sababu ya kuuliza, mbele ya kila rangi: rangi ya nini, na nani alikuwa pale?

Neno la zamani

Ile "udongo usiokaliwa" haikuzaliwa na satelite. Tarehe 1 Julai 1885, mwanzoni mwa Dola Huru la Congo, Francis de Winton, aliyekuwa mutawala mukuu, alitia sahihi amri iliyosema kama udongo wenye kuwa wazi ni mali ya Serikali. Nani angeamua kama uko wazi? Wao wenyewe. Udongo wa kupumuzisha, pori la kuwinda, kilima cha malisho, vyote vilionekana wazi machoni mwa mutu aliyezoea kuona shamba lenye fensi na nyumba. Kwetu Kivu, mu 1928 kukaundwa Comité National du Kivu, na mikononi mwake wakatia eneo kubwa sana la udongo wa kugawia wazungu walowezi. Mashamba ya chai na ya kinkina tunayoyajua yana mizizi mu historia hiyo.

Uhuru haukufuta neno lile. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema kama udongo wote ni mali ya Serikali, isiyouzishika, hata ule unaokaliwa na jamii za wenyeji. Kifungu cha 389 kiliahidi kama haki za wenyeji juu ya udongo huo zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka ilipita makumi kwa makumi, watoto wakazaliwa, wakaoa, wakazika wazazi, na ile amri ilikuwa haijatoka. Katikati ya wakati huo mutu mwenye feza aliweza kwenda ku ofisi, kuomba udongo wa mashambani, na sheria iliomba kwanza uchunguzi kusudi ijulikane kama uko wazi. Akipata cheti cha kuandikisha, na miaka 2 ikapita bila mutu kulalamika mbele ya tribinali, kile cheti hakigusike tena. Fikiria sasa yule anayefanya uchunguzi akiwa na uvivu, na mbele yake kuko ramani nzuri yenye kipande cha rangi ya udongo mukavu, na pembeni imeandikwa: hakukaliwi. Atapanda kilima kufanya nini?

Kwa sababu hiyo nasema kuchagua rangi ni tendo. Linaweza kuwa tendo la haki ao la wizi, hata kama mwenye kulifanya hana nia mbaya na hajapata kuona yule atakayeibiwa.

Basi tukatae ramani?

Kuko wenzetu wanaosema hivyo. Nilimusikia kijana mumoja wa chuo kikuu akisema mu mukutano wa ushirika wetu: udongo wa wababu uko mu kichwa cha wazee, tusiutoe nje, kwani kitu kilichoandikwa kinaibika. Maneno yake yalipigiwa mikono. Mimi sikupiga.

Angalia Kahuzi-Biega. Mu 1970 parki iliundwa na hektare 60.000, mu 1975 ikapanuliwa mupaka karibu hektare 600.000, na mupaka mupya ukapita mu udongo wa watu, kama kule Nindja. Batwa walifukuzwa mu musitu wa juu, pahali walikuwa wanaishi tangu zamani. Batwa hawakukosa ujuzi. Kila muto, kila pango, kila muti wa asali ulikuwa mu kichwa chao. Lakini wakati mupaka ulikuwa unachorwa, ujuzi wa kichwa haukuwa ku meza. Yule asiyechora, anachorwa. Hii si methali ya wazee, ni mambo yaliyotokea, na wajukuu wa wale waliofukuzwa wanaishi bado ku pembe za mashamba ya wengine.

Tena sheria zingine zimeanza kuomba karatasi kwa mukono wa wenyeji wenyewe. Amri nambari 14/018 ya 2 Agosti 2014 iliruhusu jamii kupata musitu wao wa kimila mupaka hektare 50.000, bila mwisho wa miaka. Mu dosie kunaombwa ramani. Asiye na ramani hana dosie.

Lakini yule kijana hakukosa yote. Kuko vitu vya kutokutia ku karatasi. Siku ile ya Walungu, tulipofika ku kichaka kimoja cha miti mikubwa, fundi alikuwa tayari na GPS yake. Wazee walizunguka-zunguka mu maneno. Mwishoni mumoja akamwambia: "Mutoto wangu, andika musitu. Musitu inatosha." Fundi alitaka kuandika "pahali patakatifu", na nia yake ilikuwa nzuri, alifikiri jina hilo litalinda. Wazee waliona mbali kumupita: jina lile lingeita wachimbaji wa vitu vya zamani, waombezi wenye kutaka kuangusha miti ya mashetani, na watalii. Kichaka kikabakia rangi ya majani, kama vichaka vingine. Je, ile ramani ilisema uongo? Nadhani haikusema. Kunyamaza juu ya chako ni haki. Kunyamaza juu ya cha mwenzako kusudi apoteze, ile ni kitu kingine kabisa.

Mashamba ya Mama mumoja

Sasa nafika ku jambo lililonifanya niandike. Musomaji asiye Mushi anivumilie, kwani lazima nifasirie maneno mawili. Kalinzi ni udongo unaopata kwa kutoa ngombe kwa mwami ao kwa mujumbe wake. Ukishautoa, udongo unabaki mu jamaa yako, watoto wanariti. Bwasa ni udongo unaoazimwa kwa mwenye kalinzi, kwa muda, kwa zawadi ao kazi ya kila mwaka: kasiksi, siku za kulima. Mwenye bwasa anapanda maharagi, mihogo, viazi. Hapande migomba wala miti. Kila mutu anaelewa sababu: mugomba unakaa miaka na miaka, na pahali mugomba wako unakaa, wewe pia unakaa. Migomba mu Bushi ni sawa sahihi iliyotiwa ku udongo.

Kulikuwa mama mujane, nitamuita Mama tu, aliyekuwa analima bwasa. Muzee mwenye udongo, mbele ya kufa, alimuhurumia na kumuambia apande migomba kidogo, juu watoto wake walikuwa na njaa. Hakukuwa na mashahidi. Mugomba unazaa mugomba, tunajua. Nyuma ya miaka mingi kukawa karibu makumi ine. Wana wa muzee walikuwa Bukavu, hawakuangalia. Kisha karatasi ya rangi ikaja, na ku karatasi shamba la Mama lilikuwa rangi ya majani: migomba, mimea ya kukaa. Pembeni yake, mashamba ya bwasa ya wengine yalikuwa manjano: mimea ya mwaka. Bila kujua, ile satelite ilimupatia Mama kitu ambacho desturi ilimukatalia.

Wana wa muzee walipanda kutoka mujini siku ya mukutano wa pili. Mukubwa wao alisema kwa heshima, sitaficha: "Mwalimu, hatuko nafukuza Mama. Lakini ile rangi ibadilishwe. Bwasa ni manjano." Fundi akajibu kama picha haidanganye, migomba iko pale, yeye hawezi kuandika maharagi pahali pa migomba. Mama alikuwa amekaa ku majani, mikono mu mapaja. Alipoulizwa alisema maneno machache: "Mimi sijui rangi. Nilipanda kwa neno la muzee. Kama mutabadilisha, mutie basi ile ya njaa."

Nilijikuta katikati, na nakiri kama sikuwa na jibu. Kwa kifuniko, fundi alikuwa na kweli. Kwa desturi, wana walikuwa na kweli. Kwa huruma, na mimi naongeza kwa haki pia, Mama alikuwa na kweli. Kazi ya miaka mingi si kitu cha bure, na wababu wetu walijua vile: yule yule muzee, mulinzi wa desturi, alivunja katazo kusudi watoto wale. Ni desturi gani tunayolinda, ile ya katazo ao ile ya muzee? Watu wa ushirika wetu mara mingi wanasema "desturi" sawa vile ingekuwa jiwe. Mimi niliiona siku ile kama mazungumuzo, na karatasi ile ilitaka kuyafunga mbele hayajaisha.

Nilipendekeza kitu ambacho fundi alikitazama kama ujinga: tuchore mistari juu ya rangi. Rangi ya chini iseme kinachoonekana. Mistari juu yake iseme kama kuko neno kati ya watu, na nani aulizwe. Tena mu lejande tuandike mu Mashi na mu Kiswahili, si mu Kifaransa peke yake, kusudi yule anayepotezwa aweze kusoma kile kinachomupoteza. Na tarehe ya picha iandikwe kwa herufi kubwa, juu udongo unabadilika majira na majira. Kile kipande cha muzee wa kwanza tukakiita "udongo unaopumuzika", neno lake mwenyewe. Wana walikubali mistari kwa shida. Fundi alikubali kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Kuko watakaosema kama ramani yenye mistari ya mabishano haitumikie kitu, kwani mwenye kuamua anataka rangi safi. Ninawasikia. Daktari pia angependa mugonjwa mwenye ugonjwa mumoja. Lakini kama mabishano yako ku kilima, na karatasi inaonyesha kilima bila mabishano, karatasi imekwisha kuhukumu, na haikusikiliza mashahidi. Mbele ya mwami, kesi ya udongo ilisimamishwa ku udongo wenyewe, watu wakitembea ku mupaka toka drasena moja mupaka ingine, majirani wakisema mumoja kwa mumoja. Ilikuwa inachukua siku. Sijui sababu gani tufikiri kama haki imekuwa kitu cha dakika tano kwa sababu tu picha inafika haraka.

Mu 2019 nilirudi kule kwa matanga ya rafiki. Ugonjwa wa kunyauka migomba, ule ulioonekana kwanza mu inchi yetu kule Masisi mu 2001, ulikuwa umefika ku kile kilima. Mama alikuwa amekata migomba yake yote na kuzika mashina, sawa vile waliwafundisha. Pahali pake alikuwa amepanda mihogo na maharagi. Aliniuliza kama ile karatasi ingali pale kwa shefu. Nikamujibu ingali, nimeiona ku ukuta, jua limeanza kufifisha rangi. "Na mashamba yangu?" akauliza. Nikamuambia kama ku karatasi bado ni rangi ya majani, na mistari juu yake. Akacheka, akainama, akaendelea kupalilia.